Saini ya Mmoja, Deni la Wengi: Jinsi Mkopo wa Mtu Mmoja Unavyoifikia Nyumba Nzima

"Deni ni la aliyekopa." Kauli hii husikika kila mara dalali anapofika mtaani kubandika tangazo la mnada kwenye ukuta wa nyumba yenye watu ndani. Mke huisema akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, jirani huisema akiwa upande wa pili wa ua, na hata mwenyekiti wa mtaa, aliyegonga muhuri kwenye barua ya utambulisho wa mkopaji miezi michache iliyopita, huisema kwa sauti ya mtu anayetamani iwe kweli. Ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya pili ndiyo inayotoa vitanda na makabati barazani.

Kwa miaka kadhaa sasa mazungumzo kuhusu mikopo inayoitwa "kausha damu" yamejaa katika vijiwe, redioni na bungeni. Mengi yamehusu ukubwa wa riba na ukali wa wakopeshaji, mambo ambayo kwa hakika yanastahili kusemwa. Lakini lipo swali ambalo halielezwi vya kutosha, nalo ni hili: inakuwaje mtu mmoja aketi peke yake ofisini, asaini karatasi peke yake na kupokea fedha peke yake, kisha walipaji wawe watoto, mke au mume, mfanyakazi mwenzake, wanakikundi wanne na shangazi aliyeko mkoa mwingine? Makala hii inaeleza njia hizo moja baada ya nyingine, ikianza na ile nyepesi kuiona na kuishia na ile inayokuja na kifo. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale nitakapoitaja Kenya, kwa sababu Zanzibar ina sheria zake za ndoa na za ardhi.

Kwanza maneno, kwa kuwa machozi mengi huanzia kwenye neno lililoeleweka vibaya. Mkopaji ni yule anayepokea fedha na kuahidi kuzirudisha. Riba ni malipo ya ziada kwa kukaa na fedha za mwingine. Rejesho ni kiasi kinacholipwa kila siku, kila wiki au kila mwezi. Dhamana ni kitu kinachowekwa ili mkopeshaji akichukue deni lisipolipwa, iwe televisheni, pikipiki, kadi ya gari au nyumba. Na dhamana hiyo inapokuwa ardhi au nyumba kwa utaratibu wa kisheria, huitwa rehani. Mdhamini ni mtu anayeahidi kulipa iwapo mkopaji hatalipa. Shahidi ni mtu aliyeona mkataba ukisainiwa, basi. Tofauti ya hawa wawili ni kama tofauti kati ya aliyemwona mbuzi akifungwa kamba na aliyekabidhiwa ile kamba: mbuzi akikimbia, wa kwanza ataulizwa alichokiona, na wa pili ataulizwa mbuzi yuko wapi.

Njia ya kwanza haina saini ya mtu mwingine yeyote. Mchukulie mama mwenye genge la mboga ambaye faida yake kwa siku ni shilingi 15,000, fedha inayonunua unga na mafuta, inayolipa nauli ya watoto na inayowekwa kidogo kwa ajili ya kodi ya chumba. Anakopa shilingi 300,000 kwa masharti ya kurejesha shilingi 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla atalipa shilingi 360,000, na afisa mikopo atamwambia kwamba riba ni asilimia 20 tu. Hesabu hiyo inaficha jambo. Mama huyu hakai na shilingi 300,000 kwa mwezi mzima, kwa kuwa tangu siku ya kwanza anazirudisha kidogo kidogo. Ukichukua wastani wa fedha ya mkopeshaji iliyobaki mikononi mwake tangu mwanzo hadi mwisho, ni kama nusu ya mkopo, yaani shilingi 150,000 hivi, na kwa hiyo shilingi 60,000 anazolipa juu yake zinakaribia asilimia 40 kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania iliwawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, ambao ndio wakopeshaji wasiopokea amana, kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi; kwa shilingi 300,000 zinazokaa mwezi mzima, hiyo ni shilingi 10,500.

Sasa tuiache riba, tuitazame sahani. Katika zile shilingi 15,000, baada ya rejesho zinabaki 3,000. Watoto hawakusaini mkataba wowote, hakuna dalali aliyekuja, na hakuna sheria iliyovunjwa dhidi yao, lakini chakula cha mchana kimeondoka na nauli imekuwa mwendo wa miguu. Genge likikosa wateja siku mbili kwa sababu ya mvua, mama atakwenda kwa mkopeshaji wa pili ili amlipe wa kwanza, na kuanzia hapo mapato ya nyumba yanakuwa na wenyewe wawili kabla hayajafika jikoni. Hali ni hiyo hiyo kwa mtumishi wa umma anayemkabidhi mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara huingia asubuhi, na kabla ya saa sita mchana mkopeshaji amekwisha kuutoa, amechukua chake na kumwachia mwenye kadi kile alichoona kinatosha. Nyumba nzima inaishi kwa makadirio ya mtu asiyewafahamu hata kwa majina.

Njia ya pili ni udhamini, na hapa imani potofu ni nyingi kuliko mahali pengine pote. Wengi husaini fomu ya udhamini kwa moyo ule ule wanaomsindikizia mwenzao hospitali: ni wema, ni utu, na kukataa ni aibu. Wanaamini kwamba kazi yao ni kuthibitisha tabia njema ya mkopaji. Sheria inatazama vingine. Kwa kanuni ya sheria ya mikataba, inayofanana Tanzania na Kenya, wajibu wa mdhamini unalingana na wajibu wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Maana yake ni kwamba mkopeshaji halazimiki kummaliza mkopaji kwanza ndipo amfuate mdhamini. Rejesho likishindikana, anaweza kumgeukia yule aliye rahisi kupatikana, na mara nyingi aliye rahisi kupatikana ni yule mwaminifu ambaye hakuhama mtaa wala hakuzima simu.

Katika vyama vya akiba na mikopo jambo hili linakwenda kimyakimya zaidi. Mwanachama anapomdhamini mwenzake, akiba yake hushikiliwa mpaka mkopo uishe, na mkopaji akiacha kulipa, makato huanza kuonekana kwenye akiba au kwenye hati ya mshahara ya mdhamini. Walimu wa Kenya na wa Tanzania wanalifahamu jambo hili vizuri: mwenzao kahamishwa au kaacha kazi, na watatu waliobaki shuleni wanakatwa kila mwezi kwa gari ambalo hawajawahi kulipanda. Mdhamini aliyelipa anayo haki ya kumdai mkopaji kile alicholipa, na haki hiyo ni ya kweli mahakamani, lakini inahitaji muda, nauli na mkopaji anayejulikana alipo. Wakati huo ada ya mtoto wa mdhamini haisubiri.

Njia ya tatu ni kikundi. Mikopo mingi ya wanawake na vijana, ikiwemo ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi. Kampuni nyingi za mikopo nazo hutumia utaratibu wa kundi, uliopata umaarufu duniani kupitia benki ya Grameen ya Bangladesh na mwanzilishi wake Muhammad Yunus, waliotunukiwa pamoja tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2006. Wazo lake ni zuri: maskini asiye na hati ya nyumba anao majirani wanaomjua, na kujuana huko kunakuwa dhamana. Lakini dhamana ikiwa ni watu, basi watu ndio wanaochukuliwa. Wanawake watano wana rejesho la shilingi 30,000 kila mmoja kwa wiki, mmoja anatoroka, rejesho lake linagawanywa kwa wanne, na kila mmoja anaongezewa shilingi 7,500. Yule ambaye shilingi 30,000 ilikuwa tayari inambana, hiyo 7,500 ndiyo inayomwangusha, na akianguka yeye, watatu waliobaki wanagawana mzigo wa wawili. Biashara zote tano zilikuwa na wateja, lakini uamuzi wa mmoja umezifunga zaidi ya moja. Kinachobaki ni uadui kati ya watu wanaochota maji kwenye bomba moja, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko fedha, kwa sababu mtaa ambao wanawake wake hawaaminiani tena hauna pa kukimbilia siku mtoto anapougua usiku.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita VICOBA, vilikuwa na dawa ya jambo hili tangu vilipoanza. Fedha yao hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, ambao si mwenyekiti wala mweka hazina peke yao. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo, na hufunguliwa mbele ya wanachama. Si kwamba mmoja wao anadhaniwa kuwa mwizi. Mali ya wengi inawekwa mbali na uamuzi wa mmoja, hata awe mwema kiasi gani, kwa kuwa mwema naye hupatwa na msiba, hupatwa na tamaa na hupatwa na haraka. Naomba msomaji alikumbuke sanduku hili tunapoingia kwenye nyumba.

Nyumba ndiyo njia ya nne, na ndiyo yenye mkanganyiko mkubwa kuliko zote. Imani ya kwanza ni kwamba nyumba ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye hati, na kwa hiyo anaweza kuifanyia atakalo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataa. Nyumba ambayo mume na mke wanaishi, hata ikiwa imeandikwa jina la mmoja, haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inakazia kwamba rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mwenzi anayeishi humo ameisaini au kuna ushahidi kwamba ameridhia. Na kama wake ni zaidi ya mmoja na wanaishi katika nyumba hiyo, wote wanahusika. Kenya ina msimamo huo huo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Kwa lugha ya sanduku, sheria imeiwekea nyumba kufuli ya pili na kumpa mwenzi ufunguo wake.

Imani ya pili inatokana na hiyo ya kwanza, nayo ni hatari zaidi: kwamba mke au mume asiposaini, nyumba iko salama siku zote. Laiti ingekuwa hivyo. Mabadiliko yaliyoletwa na sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya nyumba yalimpa mwombaji wa mkopo wajibu wa kueleza kama ana mwenzi, na yakampa mkopeshaji kinga. Mkopeshaji anatakiwa kuchukua hatua za kuridhisha kujua hali ya ndoa ya mwombaji, lakini huhesabiwa kuwa ametimiza wajibu huo pale mwombaji anapotoa kiapo au maandishi yaliyoshuhudiwa kuhusu mwenzi wake. Mume akiapa kwamba hajaoa, au akimpeleka mwanamke mwingine asaini kwa jina la mke wake, mke halisi atakuja kupambana na benki ambayo ina karatasi mkononi, naye ana ukweli lakini hana karatasi. Aliyedanganya anatenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo au kifungo kisichopungua miezi 12. Lakini kumfunga baba wa watoto hakurudishi nyumba ya watoto, na wanawake wengi wanalijua hilo kabla hata ya kwenda polisi.

Ndiyo maana ipo hatua ambayo watu wachache huichukua. Kifungu kile kile cha 59 kinasema kwamba maslahi ya mwenzi katika nyumba ya ndoa yanaweza kulindwa kwa kuweka zuio. Kwa nyumba yenye hati iliyosajiliwa, zuio hilo huwekwa kwa Msajili wa Hati, na kuanzia hapo yeyote anayekwenda kupekua daftari kabla ya kukopesha atakuta kwamba kuna mtu mwingine mwenye haki humo. Si tangazo la vita ndani ya ndoa, ingawa najua kwamba katika nyumba nyingi litapokelewa hivyo. Ni kuhakikisha kwamba kufuli ya pili imefungwa, badala ya kuning'inia tu mlangoni.

Imani ya tatu ni kwamba nyumba haiwezi kuuzwa bila kesi na bila hukumu ya mahakama. Kwa rehani iliyosajiliwa, hilo si kweli. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji humpa notisi ya maandishi inayoeleza kosa na kiasi kinachodaiwa, na siku 60 zikipita bila malipo, anaweza kuuza bila kupitia mahakamani. Mnada wa ardhi nao unatakiwa kutangazwa hadharani kwa siku zisizopungua 14. Hapa ndipo familia hupotea njia, kwa sababu notisi ile ya siku 60 hupelekwa kwa mkopaji, na mkopaji aliyekopa kwa siri huificha notisi kama alivyouficha mkataba. Siku 60 ambazo zingetosha kukutana kama ukoo, kuuza kiwanja kingine au kuomba kupangiwa upya marejesho, huisha zikiwa chini ya godoro. Mke huhesabu siku zake kuanzia tangazo la ukutani, na wakati huo zimebaki 14 tu.

Hata mnada ukifika, mkopeshaji hana ruhusa ya kuitupa nyumba kwa bei ya mchicha. Sheria inamtaka atafute bei bora inayoweza kupatikana kwa wakati huo, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei ya nyumba za aina hiyo sokoni, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wenye nyumba waliopata ushauri wa wakili mapema wameitumia hoja hii. Wengi hawakujua kwamba ipo.

Kila nilichoeleza kuhusu notisi na bei kinamhusu mkopeshaji anayefuata sheria. Mtaani kuna mtindo mwingine, na nausema bila kuuma maneno kwa kuwa umeangamiza familia nyingi. Wapo wakopeshaji ambao hawamsainishi mkopaji mkataba wa mkopo. Humsainisha hati ya mauziano, kana kwamba ameuza kiwanja au gari lake kwa bei ile aliyokopa, na kumwambia kwamba ni utaratibu tu, akilipa itachanwa. Akichelewa, mkopeshaji hadai deni, anadai nyumba "aliyoinunua". Mkopaji huyu mara nyingi ni mtu mzima mwenye akili timamu, lakini alikuwa na mgonjwa hospitali au mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya ada, na mtu mwenye haraka hasomi. Kwa hiyo tunaposema kwamba uamuzi wa mmoja umeidhuru familia, tukumbuke kwamba aliyempa kalamu naye alifanya uamuzi, tena akiwa ametulia.

Kuna pia ardhi ambayo haina hati, na kwa watu wengi wa vijijini hiyo ndiyo ardhi yote waliyonayo. Shamba la ukoo, lenye migomba ya babu na makaburi ya mababu, huwa chini ya uangalizi wa mmoja anayebaki nyumbani, na wengine walioko mjini hulihesabu kuwa lao bila karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa hakimiliki ya kimila upate ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na Kenya ina bodi za udhibiti wa ardhi kwa mashamba ya kilimo, ambako si ajabu kumwona mke au watoto wakija kupinga uuzaji. Kufuli zipo. Tatizo ni kwamba mwenye ufunguo wa kijijini mara nyingi ni rafiki wa muuzaji, na walioko mjini husikia habari pale wanapoleta maiti kuzika na kukuta uzio wa mtu mwingine.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii tumeizoea kwa maana ya furaha inayogeuka huzuni, lakini kwa mikopo ya siku hizi naona ndani yake jambo jingine: hii ni harusi aliyohudhuria mtu mmoja, ilhali matanga wanakaa wote. Kukopa si kosa, na nyumba nyingi tunazoziona zimejengwa kwa mikopo iliyolipwa vizuri. Kinachoihamisha hasara kutoka kwa mmoja kwenda kwa wengi ni siri, kwa kuwa walipaji wa baadaye hawakupata nafasi ya kusema "kidogo zaidi", "si sasa" au "si kwa nyumba hii". Na siri hiyo nayo ina mzazi wake, ambaye ni aibu. Mwanamume aliyepunguzwa kazini, au mama aliyepoteza mtaji, huona ni heri kumwambia mkopeshaji asiyemjua kuliko kumwambia mwenzi wake, na sisi wengine, kwa namna tunavyomcheka mtu aliyefilisika, tumechangia kumsukuma huko.

Njia ya tano ni mpya, nayo imeingia kupitia simu. Mtu anapopakua programu ya mikopo ya haraka na kubofya "kubali", baadhi ya programu hizo huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yote yaliyomo kwenye simu. Mkopo wa shilingi 50,000 ukichelewa siku mbili, ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji huanza kufika kwa mkuu wake wa kazi, kwa mchungaji au imamu wake, na kwa mkwe wake. Watu hao hawajakopa, hawajadhamini wala hawajashuhudia. Kosa lao ni kuwa na namba zao katika simu ya mtu. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Tanzania inayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake, ambako mtu aliyetumiwa ujumbe wa deni lisilo lake anaweza kupeleka malalamiko. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 zinazowakataza kuingia kwenye orodha ya majina ya mteja na kuwaandama watu hao. Imani ya kwamba mtu aliyeandikwa kama "mtu wa karibu" katika fomu ya mtandaoni amekuwa mdhamini haina msingi: udhamini ni mkataba, na mkataba hauwezi kuwepo bila wewe kukubali.

Hoja hiyo hiyo ndiyo inayojibu swali la ndoa. Kuoa au kuolewa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mdhamini wa mwenzake, na mke ambaye hakusaini popote hawezi kudaiwa kutoka katika mshahara wake au biashara yake kwa sababu tu anaishi na mkopaji. Vyombo alivyovinunua yeye havikuwa dhamana ya mumewe, hata kama vilikuwa sebuleni siku ya kufilisiwa. Shida ni ushahidi: mwenye stakabadhi ya friji ataiokoa friji, na asiye nayo ataishuhudia ikipakiwa kwenye gari.

Imebaki njia ya mwisho, ambayo ni kifo. Katika mazishi ya Waislamu, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia hutangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze aonane na wafiwa. Wakristo nao huwa na tangazo la namna hiyo, mara nyingi katika kikao cha ukoo baada ya kuanua matanga. Ni desturi njema, na ndani yake kuna kanuni ambayo dini na sheria zimeafikiana: deni la marehemu hulipwa kwanza, kutoka katika mali yake, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa warithi. Lakini kanuni hiyo ina ncha mbili, na watu huikumbuka moja tu. Deni linalipwa kutoka katika mali ya marehemu, si kutoka mfukoni mwa mtoto wake. Mali ikiisha na deni likabaki, mtoto ambaye hakudhamini hana wajibu wa kisheria wa kulimalizia, ingawa anaweza kulilipa kwa hiari yake na kwa heshima ya mzazi.

Hapo ndipo mjane huinua kichwa na kuwaona watu wanne wamesimama, na watatu kati yao hajawahi kusikia habari zao. Mmoja ana daftari, mwingine ana picha kwenye simu, wa tatu anasema waliaminiana tu. Katika saa hiyo familia nyingi huahidi mbele ya kaburi kwamba zitalipa kila kitu, kwa sababu ya huzuni na kwa kuogopa kuonekana hazimheshimu marehemu. Msimamizi wa mirathi anayejua kazi yake hataahidi wala hatakataa. Atawashukuru kwa kufika, ataandika majina yao, kisha atawaomba warudi siku nyingine na mkataba wenye saini na tarehe, pamoja na hesabu ya marejesho ambayo marehemu alikwisha kuyalipa.